Mbona Yamerudi? Matatizo ya Kung'oa Magugu Vamizi na Namna ya Kuyatatua

Mwongozo huu ni wa kikundi ambacho tayari kimeingia kazini na kimekwama. Mmeng'oa, mmekata, mmetoka na marundo, kisha mvua moja imenyesha na mambo yamebadilika: pengine gugu limerudi na nguvu mpya, pengine limekuja jingine kabisa, pengine pamebaki kipara. Kila hali ina chanzo chake, na dawa ya hali moja huweza kuizidisha nyingine. Kikundi kisichojua kinaumwa nini huishia kurudia kazi ile ile kwa bidii zaidi, na bidii ya namna hiyo imeshaharibu vichaka vingi vizuri.

Niseme mapema upande niliopo. Sehemu kubwa ya matatizo yaliyomo humu hutokana na kusafisha eneo kubwa kuliko lile ambalo mimea ya asili inaweza kulijaza kwa wakati. Zipo sababu nyingine na tutazipitia, lakini hiyo ndiyo ya kushuku kwanza.

Kabla ya yote, chimbua

Kabla ya mkutano, kabla ya kulaumiana, kabla ya mtu kupendekeza dawa, nenda pale gugu liliporudi ukachimbue mimea mitano hivi kutoka sehemu tofauti. Usivute. Chimbua taratibu, pangusa udongo kwa vidole, uangalie kilichoko chini.

Ukikuta kimzizi kimoja chembamba kinachoshuka wima, na juu yake majani mawili ya kwanza yasiyofanana na yale yanayofuata, huo umeota kutokana na mbegu. Ukikuta chipukizi nono, laini, limeshikamana na kitu kinene chenye gome la zamani, huo ni mmea ule ule mliodhani mmeuua. Ukikuta kipande cha shina kilicholala, kimetoa mizizi upande wa chini na majani upande wa juu, hicho mlikidondosha wenyewe au kililetwa na maji. Na kama chini yake kuna kiazi au tunguu, basi mlichoondoa mara ya kwanza kilikuwa majani tu.

Dakika kumi za kuchimbua zitawaambia msome sehemu ipi kati ya zinazofuata.

Miche ya gugu lile lile imejaa pote

Hii ndiyo inayovunja watu moyo kuliko zote, ingawa ukiielewa haitishi sana. Udongo uliokaa chini ya gugu kwa miaka umejaa mbegu zake. Mbegu hizo zilikuwa zinangoja mwanga, joto na udongo uliovurugwa, na siku mlipoondoa kivuli na kuchimba mizizi mkazipa vyote vitatu kwa pamoja. Kinachotofautiana ni subira yake. Miwati, miti ya Australia iliyopandwa katika nchi nyingi kwa ajili ya magome yake, hutoa mbegu zenye ganda gumu ambazo huweza kukaa ardhini hata miaka 50, na moto huziamsha kwa wingi. Mkichoma marundo ya miwati juu ya ardhi ile ile ilipokuwa imesimama, jiandaeni kwa miche isiyohesabika. Gugu karoti (Parthenium hysterophorus) lenyewe mbio zake ni za aina nyingine: likipata unyevu na joto huweza kutoa maua wiki nne hadi sita tu baada ya kuota, na mmea mmoja uliostawi huweza kutoa mbegu 15,000 na zaidi. Kwa gugu kama hilo, kikundi kinachokutana mara moja kwa miezi mitatu kimeshindwa kabla hakijaanza.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: tulisafisha eneo gani kwa mkupuo mmoja, na tunaweza kurudi kila baada ya muda gani? Hesabu hizo mbili zisipolingana, punguzeni eneo. Dada wawili wa Mosman, Sydney, Eileen na Joan Bradley, walilitambua hili walipokuwa waking'oa magugu katika vichaka vya kwao kuanzia miaka ya 1960, na mtindo wao unafuatwa hadi leo. Una kanuni tatu. Anzeni palipo pazuri, mwelekee palipoharibika. Msivuruge udongo kuliko inavyolazimu, na mkishang'oa rudisheni majani makavu yaliyokuwa yamefunika ardhi. Na mwendo wa kusafisha uamuliwe na mwendo wa mimea ya asili kurudi.

Kanuni ya tatu ndiyo inayovunjwa kila mahali, na sababu yake ni ya kibinadamu. Watu 40 wamejitokeza, wana ari, wana mapanga; nani atasimama awaambie leo tunafanya kipande chenye ukubwa wa chumba? Lakini ndiyo kazi ya kiongozi. Wengine wapelekeni kurudia vipande vya zamani, kazi ambayo haina picha nzuri ila ndiyo inayoleta msitu.

Kwa miche iliyokwisha kuota, wekeni jembe kando. Kulima kutaileta juu mbegu nyingine iliyokuwa imezikwa. Ng'oeni kwa mkono udongo ukiwa umelowa, mshike shina pale linapokutana na ardhi, mkandamize udongo kwa kisigino mara mnapotoa mzizi, mfunike kwa majani makavu. Anzeni pembezoni, upande ule ambako miche ya asili inaonekana. Katikati kukiwashinda, yaliyobaki yazuieni yasifike kwenye mbegu, hata kama ni kwa kukata vichwa vya maua tu. Kila kizazi kinachoota na kung'olewa kabla ya kuzaa hupunguza hazina iliyoko ardhini. Kizazi kimoja kikizaa, mmerudi mwanzo.

Visiki vinachipua

Chipukizi likitoka kwenye kisiki, ama mmekata juu mno, ama hamkutoa sehemu yenye macho, yaani vichomozo vya machipukizi, ama dawa ya kuua magugu haikufika ilikotakiwa.

Tuanze na yasiyohitaji dawa. Lantana, kichaka vamizi chenye maua ya rangi rangi, shina lake likifika ardhini hunenepa na kuwa kinundu kigumu, na huko ndiko machipukizi yanakotoka. Fukua pembeni hadi ukione kinundu chote, ingiza sululu chini yake, kiinue. Kisha kiangalie vizuri: mizizi ikiwa bado ina udongo mwingi na umekilaza chini siku ya mvua, kitashika tena. Kigeuze mizizi juu, ukitundike kwenye panda ya mti au juu ya rundo la matawi ambako hakigusi ardhi. Angalia pia matawi ya chini, kwa sababu lantana hutoa mizizi popote tawi linapolala kwenye udongo, na mmea mmoja uliouona unaweza kuwa na vituo vinne vitano chini ya majani.

Mathenge (Prosopis juliflora), mti vamizi wenye miiba, ni kazi nzito zaidi. Macho yake yako chini ya uso wa ardhi, kwa hiyo kuukata sawasawa na ardhi ni kuupogoa tu. Utarudi na mashina mengi badala ya moja, na miiba ile ile. Ukitaka ufe bila dawa, mzizi mkuu lazima ukatwe chini ya macho hayo, sentimita 10 kwa mti mchanga na hadi 30 kwa uliokomaa. Mkiona hamna nguvu hiyo leo, uacheni umesimama hadi mtakapokuwa nayo.

Ikiwa mlipaka dawa kwenye kisiki na bado kimechipua, pitieni maswali haya. Ilipita muda gani kati ya kukata na kupaka? Kwa dawa zinazochanganywa na maji, kama glifoseti, inatakiwa ndani ya nusu dakika hivi, kabla kidonda hakijajifunga. Ndiyo maana wanaojua kazi hii hufanya wawili wawili, mmoja na msumeno na mwingine na brashi, badala ya kukata visiki 20 kisha kurudi kuvipaka. Mlipaka wapi? Kwenye kisiki kinene, sehemu hai ni ile pete nyembamba iliyo chini tu ya gome. Katikati ni mbao zilizokufa, dawa inayomwagwa pale imepotea. Kisiki kilikuwa kisafi? Glifoseti ikigusa udongo hunata kwenye chembe zake na kuisha nguvu, kwa hiyo vumbi juu ya kidonda, au maji ya matope kwenye mchanganyiko, hutosha kuiharibu. Mmea ulikuwa na kiu? Ulionyauka kwa ukame haunywi kitu. Na kipimo? Watu hudhani ukali zaidi ni uhakika zaidi, kumbe dawa kali mno ikinyunyiziwa majani huyaunguza kabla haijasafiri kwenda mizizini. Fuateni maelezo yaliyo kwenye chombo, na mjue kwanza kama mahali mlipo sheria inaruhusu asiye na mafunzo kuitumia.

Wanaovua gome kuzunguka shina hushangaa mti ukiendelea kuishi mwaka mzima. Ukagueni ule ukanda. Mara nyingi kuna uzi mmoja wa gome uliobaki kwenye mkunjo wa shina, au ukanda ulikuwa mwembamba na mti umeuziba.

Tahadhari moja. Ipo miti ambayo ukiikata hujibu kwa kutoa machipukizi kwenye mizizi, mita kadhaa kutoka kwenye shina. Ailanthus altissima, mti wa asili ya China, ni mfano unaojulikana sana. Miti ya aina hiyo hutobolewa na kutiwa dawa ikiwa imesimama, huachwa ife kabisa, ndipo ikatwe. Kama mmekwisha kuikata na sasa kuna kichaka cha machipukizi, yaacheni yakue kidogo yapate majani ya kutosha kupokea dawa, kuyakatakata kutayaongeza.

Gugu limeota juu ya rundo, au kando ya njia mnayopita

Hapa mbebaji ni ninyi. Kila kipande cha mpungate, aina ya kaktasi, kina uwezo wa kushika mizizi, hata kilichodondoka kwenye toroli njiani. Kuukatakata kwa panga ni kuupanda. Anredera cordifolia, mmea wa kutambaa wenye majani manene, hubeba viazi vidogo angani kwenye shina lake. Ukiuvuta kutoka mtini kwa hasira, viazi hivyo vinanyesha mamia chini na kila kimoja ni mmea. Huo kwanza utandikieni turubai chini yake.

Marundo yawe machache, mahali pamoja, juu ya turubai nyeusi au magogo, na yakaguliwe kila mnaporudi. Yenye mbegu zilizokomaa au viazi yafungwe kwenye mifuko na kuachwa juani hadi yaoze, au yapelekwe jalala linalokubali taka hizo. Yasiyo na mbegu yanaweza kukauka palepale na kurudi kuwa udongo, na napendelea hivyo kuliko kuburuta matawi mita mia mbili kupitia kwenye miche ya asili.

Viatu navyo. Brashi ngumu na dakika moja ya kukwangua soli kabla ya kuingia na kabla ya kutoka huzuia mbegu, na huzuia jambo baya kuliko mbegu: vimelea vya udongoni kama Phytophthora cinnamomi, ambavyo vimeua mimea ya asili kwenye maeneo makubwa ya Australia na husafiri na tope la viatu na magari.

Lile limekwisha, limekuja jingine

Mliondoa kichaka cha miti vamizi, sasa pamejaa nyasi ngeni zenye afya ya kutisha. Uliza kwanza mti ule uliacha nini. Miwati na jamaa zake wa jamii ya kunde huongeza naitrojeni kwenye udongo, na mimea mingi ya asili imezoea ardhi maskini. Ardhi ikinona, wanaoshangilia ni magugu yenye mbio. Pili, angalia maji yanatoka wapi. Mtaro unaoingiza maji ya barabarani, bomba linalovuja, lundo la taka za bustani lililotupwa ukingoni, vyote hulisha magugu mwaka mzima. Ng'oa ng'oa haitashinda bomba linalovuja.

Dawa ya hali hii ni kivuli na uvumilivu. Panapokuwa na miti ya asili jirani, ondoeni wavamizi kwa awamu, muache baadhi wasimame kama mwavuli wakati miche ya chini inajenga nguvu. Nyasi ngeni zikishatawala, zifyekeni kabla ya kutoa mbegu na mzifunike kwa matandazo kuzunguka kila mche wa asili mnaoutaka.

Pamebaki kipara

Hakuna gugu, hakuna mmea wa asili, hakuna chochote. Msikimbilie kitalu bado. Msimu mmoja mzuri wa mvua lazima upite kabla hamjahukumu, kwa kuwa mbegu nyingi za asili zina ratiba yake.

Msimu ukipita na bado ni kipara, jaribuni hili. Chagueni vipande vitatu vya mita moja kwa mita moja. Kimoja kizungushieni wavu wa kuzuia wanyama. Cha pili ondoeni matandazo mazito, mkibakize tabaka jembamba, kwani mara nyingine vikundi hutandaza chipsi za mbao unene wa kiganja na kuzika kila kitu. Cha tatu kikwatueni juujuu kwa reki, sentimita mbili tatu tu. Cha wavu kikijaa miche, adui ni meno: sungura, mbuzi, swala. Cha pili kikijaa, mlizidisha matandazo. Cha tatu kikijaa, udongo uligandamana, mara nyingi kwa miguu yenu wenyewe. Visipojaa vyote, basi hazina ya mbegu za asili imekwisha, kama inavyotokea gugu likitawala muda mrefu, na sasa ndipo upandaji una maana. Mbegu zikusanywe kwenye vichaka vya karibu, zenye asili ya mahali hapo.

Mimea ya asili nayo inakufa

Angalia umbo la madhara. Majani yaliyokauka upande mmoja, ule uliokabili mlikonyunyizia, ni upepo uliobeba dawa. Mimea iliyovunjika kwenye mistari ni njia za watu. Na mche uliotoweka bila dalili yoyote pengine uling'olewa na mtu mwenye nia njema asiyeutambua.

Hili la mwisho ni la kawaida kuliko tunavyokubali, maana karibu miche yote hufanana ikiwa na majani mawili. Kila kazi ianze kwa watu kushika mkononi mche wa gugu na mche wa asili unaofanana nao, na sheria iwe moja: usiyemjua, muache. Vitabu vya nchi nyingine havisaidii hapa. Nyasi ya kikuyu ni ya kwao nyanda za juu za Afrika Mashariki, ilhali Australia na Hawaii watu wanaing'oa kwa jasho. Ugugu wa mmea hutegemea mahali uliposimama.

Ndege wametoweka, au udongo unachukuliwa na maji

Kichaka kinene cha lantana, pamoja na ubaya wake, huwa makao ya ndege wadogo panapokuwa hapajabaki vichaka vingine. Kikiondolewa chote siku moja, hawana pa kujificha. Ondoeni kwa vipande vilivyoachana, msubiri cha kwanza kijae, na msiguse wakati wa viota. Kwenye kingo za mto na miteremko mikali ni hivyo hivyo: kateni muue mizizi, lakini muiache ardhini ishike udongo.

Ngozi inawasha, watu wanapiga chafya

Kama mnafanya kazi kwenye gugu karoti, msitafute mbali. Huleta vipele, mafua ya mzio na pumu, na kwa baadhi ya watu hali huzidi kila wanapoligusa tena. Glavu, mikono mirefu, barakoa, na kung'oa kabla ya maua kwa sababu chavua ndiyo mbaya. Mwenye pumu apewe kazi nyingine, na asiombwe kuthibitisha.

Mmefanya yote sawasawa, na bado

Basi chanzo kiko nje ya mpaka wenu. Pandeni juu ya kijito hadi mlione shamba, bustani au bwawa linaloshusha mbegu. Ulizeni mifugo inapita wapi, maana mbegu za mathenge husafiri tumboni mwao na huota kwenye mavi. Mara nyingi mazungumzo na jirani mmoja mwenye ua wa lantana yana faida kuliko wikiendi nyingi za panga.

Na zipo hali ambazo mikono haiziwezi. Katika miaka ya 1920 mpungate ulikuwa umefunika takribani hekta milioni 24 za Australia. Kilichouvunja ni kiwavi wa nondo Cactoblastis cactorum, aliyeachiliwa mwaka 1926. Nondo huyo huyo alionekana Florida mwaka 1989, na huko ni tishio kwa mipungate ya asili, ndiyo maana kuleta mdudu ni kazi ya taasisi zenye maabara na miaka ya majaribio. Kikundi chenu kikifika hapo, chorani ramani ya ukingo wa gugu, ulindeni upande ambao bado ni mzuri, na muipeleke ramani hiyo kwa mamlaka inayohusika pamoja na picha zilizopigwa kutoka sehemu zile zile kila msimu.